Uzi Mmoja wa Shanga

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza: kama kitu hakina mwisho, watu wanawezaje kusema wameshazimaliza aina zake zote? Swali lako limenikosesha usingizi, nami nimelifurahia.

Kumbuka shanga nilizokuwa nakutungia kiunoni. Sasa fikiria uzi usio na shanga ya kwanza wala ya mwisho, na kila ukishika shanga mbili, kati yao ipo nyingine. Namba wiano, yaani zile zinazoandikwa kama sehemu, mfano nusu au robo tatu, zimejipanga hivyohivyo. Mwanahisabati Georg Cantor alithibitisha mwaka 1895 kwamba, shanga zikiwa za kuhesabika (hazina mwisho, lakini kila moja yaweza kupewa namba yake: 1, 2, 3 na kuendelea), uzi wa namna hiyo ni mmoja tu. Tunga wako, nami nitunge wangu. Nikikuonyesha shanga yangu, utaipata yako yenye nafasi kama hiyo, maana katikati hapakosi shanga. Kisha onyesha wewe, nitafute mimi. Tukiendelea kupokezana, kila shanga itapata mwenzake.

Sasa tuweke sharti kali. Chagua shanga tatu zozote, kisha tatu nyingine zozote: lazima pawe na njia ya kuzihamisha shanga zote, mpangilio usiharibike, na zile tatu za kwanza zikakalie nafasi za zile za pili. Iwe hivyo kwa tatu, kwa kumi, kwa idadi yoyote.

Mwaka 1976 mwanahisabati Peter Cameron alionyesha kwamba inabaki mipangilio mitano. Upo uzi wenyewe. Upo uzi usiojali upande wa mbele ni upi, unaojua tu nani yuko kati ya nani. Ufunge uwe duara lenye upande wake wa kuzungukia, huo ni mwingine. Duara hilohilo, lizungukie kulia au kushoto, ni wa nne. Wa mwisho ni shanga zilizomwagwa bakulini, hazina mpangilio wowote.

Mitano, mwanangu! Aina huwa nyingi pale ambapo mahali hapa hapafanani na pale, na sharti letu limekataza hilo. Hata mwanahisabati James Schmerl, aliporuhusu mwaka 1979 pawe na vitu viwili ambavyo hakuna kinachomtangulia mwenzake, orodha yake ya mipangilio yenye ulinganifu wa juu kabisa ilitosha kuandikwa kwa mistari michache.

Wa nne ndio mgumu kuuona. Shanga tatu hazitakuambia lolote, kwa kuwa kwenye duara lake tatu zozote ni sawa, ukizibadilishana utakavyo. Weka nne, uangalie ni jozi ipi inayoitenganisha nyingine. Zichore, kisha unitumie picha.

Mama yako