Mama alisema "naweza": kumwombea mzazi usafiri wa GO!Bus

Jioni ile nilitoa fomu ya kumwombea Mama usafiri wa GO!Bus, vibasi vya wasioweza kutumia basi la kawaida, kwenye bahasha niliyopewa kliniki, nikaisoma nikiwa nimesimama jikoni, koti bado mwilini. Kwenye swali la kama mgonjwa anaweza kutembea mwenyewe hadi kituo cha basi, mhudumu alikuwa ameandika ndiyo. Sikuweza kumlaumu. Alimuuliza Mama kupitia mkalimani wa simu, mimi nikiwa nimekaa pembeni, na Mama akajibu bila kusita: "Naweza, mwanangu. Najitahidi, Mungu ananisaidia."

Mama ana miaka 71. Figo zake zimechoka, kwa hiyo mara tatu kwa wiki anakwenda kusafishwa damu kwenye mashine, kila mara kwa muda wa karibu saa nne. Akitoka hapo miguu haimtii. Nilikuwa nampeleka mwenyewe hadi kazini waliponibadilishia zamu, na ndipo nikaanza kumwombea kibali cha GO!Bus.

Tunaishi Kentwood, ubavuni mwa Grand Rapids, jimbo la Michigan, Marekani. Tuko wengi huku tuliotoka Uvira na Fizi, Kongo, tukapitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na karibu kila nyumba ina mzee. Mabasi yetu ni ya The Rapid, shirika la umma linalohudumia miji sita iliyoshikana: Grand Rapids, East Grand Rapids, Grandville, Kentwood, Walker na Wyoming. Kuna mabasi makubwa yanayopita njia zake kwa ratiba, na kuna vibasi vya GO!Bus ambavyo vinamfuata mtu kwake. Hivyo ni vya yule ambaye ulemavu au ugonjwa unamzuia kutumia basi kubwa. Ukiwa mji mwingine wa Marekani jina litakuwa tofauti, lakini huduma ipo, kwa sababu sheria ya haki za watu wenye ulemavu ya mwaka 1990, wanayoiita ADA, inalazimisha kila shirika la umma lenye mabasi ya ratiba kuwa nayo.

Kosa letu wengi ni kudhani tunaulizwa jina la ugonjwa. Tunaandika figo, kisukari, presha, mgongo, tukiamini ugonjwa mkubwa utafungua mlango. Wanachotaka kujua ni kitu kingine: kati ya mlango wa nyumba yako na kiti cha ndani ya basi kubwa, ni nini kinachokushinda? Kufika kituoni? Kusimama ukingoja? Kupanda? Kutambua basi lipi ni lako na ushukie wapi? Watu wawili wenye kisukari wanaweza kupewa majibu tofauti kabisa, na ni haki, maana mmoja anatembea na mwingine haoni tena.

Kwa hiyo Jumamosi nilimwomba Mama tutoke wote hadi kituoni, nikawasha saa ya simu. Mimi peke yangu ni mwendo wa dakika nne. Alivuka uwanja wa nyumba, akashika sanduku la barua la jirani, akapumua. Mbele kidogo njia ya waenda kwa miguu inakatika, na theluji iliyosukumwa na magari ya kusafisha barabara ilikuwa imeganda hapo kama ukuta, inafika gotini. Ilibidi ashuke barabarani, mkono mmoja begani kwangu, magari yakitupita. Alisimama mara tatu. Tulipofika hakukuwa na pa kukaa. Aliegemea mlingoti wa kibao cha basi, midomo imemkauka, akaniuliza kama tutarudi kwa njia ileile. Dakika 19. Na hiyo haikuwa siku ya mashine.

Usiku tuliongea. Nilimwambia fomu inabidi irudi kliniki iandikwe upya, aseme kweli. Alikasirika. "Nitamwambiaje mtoto wa watu kwamba siwezi kutembea? Mimi niliyetoka Uvira hadi Baraka kwa miguu, wewe mgongoni?"

Nilinyamaza. Utamjibu nini mzazi aliyekubeba? Lakini nimelifikiria sana jambo hili tangu siku ile. Sisi mtu akituuliza hujambo, tunajibu sijambo hata homa ikiwa imetupanda. Ni adabu, ni namna ya kutomtwisha mwenzako mzigo kabla hamjakaa. Mzee akiulizwa na kijana wa kigeni kama anaweza, anasikia salamu, anajibu salamu. Yule kijana naye anaandika alichosikia. Adabu ya Mama ingemnyima gari.

Kilichomlainisha, nadhani, ni habari ya Denver. Julai 1978 watu 19 wenye ulemavu, wengi wao wakiwa kwenye viti vya magurudumu, waliyazunguka mabasi ya mji ule ambayo hawakuweza kuyapanda, wakayazuia usiku kucha hadi siku ya pili. Mapambano kama hayo yalichukua miaka 12 hadi sheria ya 1990 kutiwa saini. Nilimwambia Mama kwamba hili gari si msaada wa mtu aliyetuonea huruma, kuna watu walilala barabarani ili lipatikane. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza: "Walilala kwenye baridi?" Nikamwambia ilikuwa Julai. "Basi sawa," akasema, "andika hizo dakika zako."

Tuliporudi kliniki nilikuwa na karatasi moja: umbali, dakika 19, mara tatu za kusimama, theluji, kituo kisicho na kiti, na hali yake anapotoka kwenye mashine. Fanya hivyo hivyo. Tembea na mzazi wako, pima, andika. Eleza siku mbaya pamoja na siku nzuri, maana kibali kinaweza kuwa cha masharti: kuna anayepewa kwa ajili ya majira ya theluji tu, kuna anayepewa kwa safari ambazo hawezi, zile anazoweza apande basi kubwa. Usiongeze chumvi. Ukweli wenyewe unatosha, ila lazima usemwe wote. Na kama unaweza, usiwe wewe mkalimani. Mama mbele yangu anajikaza, na mimi nikitafsiri nina tabia ya kupunguza makali ya maneno yake bila kujua. Shirika linaloendeshwa kwa fedha za serikali kuu lina wajibu wa kumsaidia asiyejua Kiingereza aelewane nalo. Ukiwapigia, sema neno moja tu, "Swahili", kisha usikate simu, ungoje mkalimani. Mwambie mzee mapema kwamba sauti ya mkalimani inaweza kuwa ya Mombasa au ya Dar, asishtuke.

Siku za kungoja zihesabu kwenye kalenda. Fomu ikishakamilika, jibu likichelewa zaidi ya siku 21, sheria inataka mwombaji ahudumiwe kama aliyekubaliwa mpaka jibu litoke. Akikataliwa, lazima apewe sababu kwa maandishi, na ana siku 60 za kukata rufaa, ambayo hataamua yule aliyekataa mwanzo. Nimeona watu wakiweka barua ya kukataliwa kwenye droo na kusema Mungu hakupenda. Soma ile barua.

Jingine ambalo naomba ulijue kabla hujasaini mkataba wa nyumba. Haki hii inafuata njia za basi kubwa. Sheria inalazimisha huduma ndani ya robo tatu ya maili kutoka kwenye njia ya basi, kama kilomita moja na mita 200, tena katika siku na saa zilezile ambazo basi hilo linatembea. Nje ya hapo haidai kitu. Kodi ya nyumba ikiwa nafuu pembeni ya mji, moyo unakimbilia huko, watoto wapate uwanja. Fungua kwanza ramani ya mabasi. Angalia na Jumapili, kwa sababu njia inayopita Jumatatu huenda Jumapili haipo, na kanisa ni Jumapili.

Kuhusu kuweka safari. Inabidi upige angalau siku moja kabla. Sema saa ambayo mzee anatakiwa awe amefika, usitaje saa ya kumchukua. Waache wao wapige hesabu. Wanaweza kukupa saa tofauti na uliyoomba, lakini si zaidi ya saa moja mbele au nyuma. Kisha kuna ule muda wa kungojea gari, mara nyingi nusu saa, na humo ndani gari likija wakati wowote limefika kwa wakati. Uliza muda huo unaanza lini na unaisha lini, na dereva anangoja dakika ngapi akishafika, kisha umwandikie mzee kwa namba kubwa ubandike kwenye friji. Dereva hana muda wa kungoja mtu atafute kilemba. Kwetu viatu na koti vinavaliwa muda ukianza tu, na Mama anakaa kwenye kiti cha dirishani.

Safari ya kurudi ndiyo ilitusumbua. Mashine ikiisha saa tano haina maana anatoka saa tano. Sindano zinatolewa, panabanwa mpaka damu ikatike, wanampima presha akiwa amesimama, wanampima uzito. Siku nyingine presha inashuka, wanamrudisha kwenye kiti. Tulikuwa tunaweka gari mapema mno, akitoka akikimbizana nalo huku pamba ikiwa imelowa damu mkononi. Siku hizi tunaongeza dakika 45. Na kwa sababu ni siku zilezile kila wiki, omba iwekwe kama safari ya kudumu, usipige simu kila mara. Si lazima wakubali, nafasi hizo zina kikomo.

Gari hilo ni la pamoja. Litazunguka kuchukua wengine, na safari ya dakika 15 inaweza kuchukua saa nzima. Mpe mzee kitu cha kula mfukoni, hasa mwenye kisukari. Na kama anahitaji mtu wa kumsaidia njiani, lisemwe kwenye maombi: msaidizi aliyeandikishwa halipi nauli. Nauli ya mzee nayo haiwezi kuzidi mara mbili ya basi kubwa.

Msipokwenda, pigeni simu kughairi. Mama alipolazwa ghafla, mimi niliyekuwa hospitali sikukumbuka kabisa, gari likaja bure. Jambo lililo nje ya uwezo wako halitakiwi kuhesabiwa, lakini piga ueleze siku hiyohiyo, kwa sababu mtu akirudia kukosekana bila taarifa anaweza kusimamishwa kwa muda. Hakikisha pia namba iliyo kwenye faili ni ya simu ambayo inapokelewa. Wazee wetu hawapokei namba wasiyoijua, nasi ndio tuliowafundisha hivyo kwa kuogopa matapeli.

Lakini usimtoe mzee kwenye basi kubwa kabisa kama siku zake nzuri zipo. Basi kubwa halihitaji miadi. Nauli ni dola 1.75, na kwa kadi ya nauli ya Wave zikifika dola 3.50 kwa siku hukatwi tena. Aliyefikisha miaka 65, au mwenye ulemavu, au mwenye kadi ya Medicare, ile bima ya afya ya serikali ambayo wazee wengi wanayo, anastahili nusu nauli saa zisizo za msongamano. Aombe kadi yake. Rampu si ya viti vya magurudumu peke yake: yeyote ambaye hatua ya kupanda inamshinda anaweza kumwomba dereva aishushe, na dereva anapaswa kuishusha. Mama anaipenda zaidi Silver Line, njia ya basi la haraka ya barabara ya Division Avenue, iliyoanza Agosti 2014. Unalipa kabla ya kupanda, na jukwaa la kituo liko sawa na sakafu ya basi, unaingia kama unaingia sebuleni. Mdogo wangu aliyeko Dar alipoona picha alisema ni Mwendokasi, na kweli mpango ni mmoja, ingawa Mwendokasi ilianza Mei 2016.

Wengine mtauliza, kwa nini msitumie gari la Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, si linampeleka hospitali bure? Tunalitumia pia. Lakini hilo ni la matibabu peke yake. Kwenye GO!Bus hakuna ruhusa ya kusema safari ya hospitali ni muhimu kuliko nyingine. Hili ndilo nililokuwa sijalielewa mwanzoni, nikijua namtafutia Mama njia ya kwenda kwenye mashine. Kumbe alikuwa na miezi sita hajaingia msibani. Kwa mtu wa umri wake, kutokwenda kuwapa pole wafiwa ni aibu anayolala nayo.

Wiki iliyopita nilirudi kazini nikamkuta mezani na simu, karatasi yangu ya namba kubwa mbele yake. Alikuwa akimsomea mkalimani anwani ya nyumba ya mama mmoja wa kwaya aliyefiwa na mumewe, herufi moja moja. Akaombwa saa ya kufika, akasema saa nane. Akangoja. Kisha akafunika simu kwa kiganja, akaninong'oneza: "Hawajaniuliza naenda kufanya nini."