Nguvukazi: China bado iko mbele ya India

Je, India imeshaipita China kwa ukubwa wa nguvukazi? Hapana, bado ni China, tena kwa mbali. Makadirio ya ILO (Shirika la Kazi Duniani), yale yanayotumiwa na Benki ya Dunia, yanaipa China nguvukazi ya zaidi ya milioni 750, wakati India inazungukia milioni 600. Kilichotokea 2023 ni India kuipita China kwa idadi ya watu, na humo wamo watoto wa chekechea na wazee. Nguvukazi ni walio kazini na wanaotafuta kazi, basi.

Pengo liko kwa wanawake. China, karibu 6 kati ya 10 wamo. India, utafiti wa serikali yao (PLFS) wa 2017-18 ulikuta asilimia 23 tu ya wanawake wa miaka 15 na kuendelea. Kufikia 2023-24 ikawa karibu 42. Ila msishangilie haraka, ongezeko hilo kwa sehemu kubwa ni la vijijini, wanaojiajiri au kusaidia shamba la familia bila malipo. Mama akikaa dukani kwa mumewe bila kulipwa hata rupia, anahesabiwa. Akipika, kufua na kuchota maji kutwa nzima, hahesabiwi (na huyo ndiye hoi zaidi, ukiniuliza mimi).

China nayo inazeeka, ndiyo maana tangu Januari 2025 wanasogeza umri wa kustaafu polepole, wanaume kutoka 60 hadi 63.