Nesi kaniambia niache foliki ya 5 mg, kwa nini?

SWALI: Hamjambo wahariri, mimi niko Likoni, mimba yangu miezi mitano. Juzi kliniki nimemezeshwa vidonge vitatu vya SP vya malaria palepale mbele ya nesi, alafu alipoona foliki za 5 mg nilizojinunulia kemisti akasema niziache, nimeze vile vya damu walivyonipa wao. Wifi yangu anasomea maabara, ananiambia SP inazuia DNA isitengenezwe. Sasa mtoto wangu je? Na vitamini inakuwaje mbaya?

JIBU: Hongera dada, na pole kwa wasiwasi. Wifi yako kasema kweli ila kaishia njiani, DNA inayolengwa ni ya kijidudu cha malaria, si ya mtoto.

Iko hivi, DNA, yaani maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya kila chembe, imejengwa kwa herufi nne, A, T, G na C, na kiumbe chochote kikitaka kugawanyika lazima kwanza kiwe na herufi za kutosha kunakili DNA yake yote. Kijidudu kikishaingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, kwa saa 48 hivi kinazaana mpaka wanafika hata 20, fikiria herufi zinazotakikana hapo! Malighafi ya A na G kinainyonya kwako wewe, lakini T hakiwezi kuiokota popote, lazima kijitengenezee, na T haitengenezeki bila foleti, yaani vitamini ileile ya foliki, kwa sababu foleti ndo inaleta ile kaboni moja inayogeuza herufi nyingine, U, kuwa T.

Hapo ndipo SP inapokaba, na SP ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, sulfadoksini na pirimethamini. Sulfadoksini inaziba enzaimu, yaani kile kifanyakazi cha kikemikali, ambayo kijidudu kinatengenezea foleti, na enzaimu hiyo sisi binadamu hatuna kabisa, foleti yetu tunaila kwenye mchicha, kunde na maharagwe. Pirimethamini inaziba enzaimu ya pili, ile inayoirudisha foleti iliyotumika ifanye kazi tena, hii hata sisi tunayo ila dawa inaing'ang'ania ya kijidudu kwa nguvu zaidi sana kuliko yetu, na chembe zetu pia zinaweza kuchukua T ya zamani zikaitumia upya. Kwangu mimi hii ni kazi nzuri mno ya sayansi, na Gertrude Elion na George Hitchings, ambao maabara yao ndo ilitoa pirimethamini, walishiriki Nobel ya tiba mwaka 1988.

Sasa ukijaza foleti nyingi damuni, kijidudu nacho kinapata, kinapita pale palipozibwa na SP inapoteza nguvu. Ndo maana WHO inasema foliki ya 5 mg au zaidi isiende pamoja na SP. Vile vya kliniki vina 0.4 mg, vinakutosha na haviharibu dawa, vimeze kila siku. Lakini kama kuna mtu aliandikiwa 5 mg na daktari, labda ana selimundu au kifafa, asiache kienyeji, amwambie nesi kabla ya SP. Na anayemeza Septrini kila siku kwa sababu ya HIV hapewi SP, maana zinaziba enzaimu zilezile.

SP haitolewi miezi mitatu ya kwanza, baada ya hapo unapewa ukienda kliniki, ipite angalau mwezi kati ya dozi na dozi, zisipungue 3. Ila ukishikwa na homa usijitibu nayo, vijidudu vingi vya huku vimeshabadilisha enzaimu zao na Kenya iliiacha kama tiba ya malaria, nenda ukapimwe siku hiyohiyo.