Shaba haikunjwi kwa nguvu, niulizeni mimi

Jana usiku kijana mmoja kanitumia meseji, "kaka mbona shaba yangu kila nikiikunja yakatika?" na picha ya vijiti vinne vimevunjika palepale kwenye kona. Nlicheka, alafu nkanyamaza, maana vile vijiti ni vyangu kabisa vya 2019.

Mwaka huo nlipata oda ya modeli ya feri ya Likoni, ile ya Mombasa, futi mbili, rampu mbele na nyuma, reli za kushikilia pande zote, mteja ni mtu wa Diani. Nkajitia najua. Kwa hizo reli nkanunua waya wa shaba ya manjano wa milimita 2, nkaubana kwenye vaisi, nkakunja kwa plaisi. Kona ya kwanza sawa, ya pili nkaikosea nkairudisha nkakunja tena, ta! Siku mbili nzima ni ta, ta, na mimi namlaumu muuza duka eti kaniuzia feki. Mwisho nkaweka waya wa mabati nkaupaka rangi ya dhahabu. Mteja akakwaruza kwa kucha, akaniangalia, akasema "hii si seng'enge hii?" Pesa zilizobaki sikuziona. Mpaka leo nikipita Diani roho yaniuma, siwafichi.

Alonifungua macho ni mzee mmoja wa Mji wa Kale, kazi yake misumari ya shaba ya milango. Nkamwamkia, nkamtolea kipande, hata hakukishika. "Mwanangu, hiyo umeichosha. Ipumzishe motoni." Basi, akarudi kwa kahawa yake.

Shaba ya manjano ni shaba nyekundu imechanganywa na zinki, na kila ukiikunja ama kuigonga yazidi kukakamaa. Moto ndio waitoa ule ukakamavu. Zima taa uione rangi, pitisha moto wa gesi huku na huku usitulie mahali pamoja, ikionyesha wekundu wa mbali, kama kaa lililofunikwa jivu, toa moto hapohapo. Ukingoja ing'ae rangi ya chungwa umeshapitiliza, kwenye digrii 900 na kitu yayeyuka, na waya mwembamba hauagi. Ukiona moshi mweupe ni zinki hiyo, inaleta homa, fungua madirisha. Kupoza, tia maji ukitaka, hii si chuma cha patasi, haiwi ngumu kwa maji. Weusi utatoka kwa ndimu na chumvi, ama ukwaju, kama bibi zetu walivyosugua masinia.

Alafu usikunjie kwenye meno ya plaisi, zungushia kwenye msumari mnene, ikunje kupita kona unayotaka kidogo, maana ukiiachia yarudi nyuma. Ukikunja bomba, lijaze mchanga mkavu uzibe huku na huku, lisibonyee. Mkono ukihisi inakataa, usibishane nayo, irudishe motoni.

Lakini nyinyi vijana mwataka video ya dakika moja, mwataka vifaa vya bei, mwataka kuuzia watalii kesho, na kuwasha gesi mara ya tatu mwaona kazi. Pasha. Ikikakamaa pasha tena. Sina siri nyingine mimi.

Wiki jana nimekabidhi feri nyingine, kona arubaini na nane, nimevunja mbili tu, na zote mbili ni zile nloona uvivu kuinuka. Wewe wa vijiti vinne, nitumie picha leo usiku, na taa uzime kweli.