Goti kuuma mbele ukipita kilomita 40 kwa baiskeli

Pole sana kwa goti linalokuuma ukiendesha baiskeli zaidi ya kilomita 40. Kama maumivu yako mbele, kwenye pia ya goti, na safari ya hisani ya kilomita 100 imebakiza wiki 8, usikimbilie kuongeza mazoezi. Kagua kiti cha baiskeli kwanza. Mara nyingi kinakuwa chini mno. Kaa juu ya baiskeli ukiegemea ukuta, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukirudisha sehemu ya mbele ya wayo kwenye pedali, goti litabaki limekunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Pandisha kiti milimita 5 tu kwa mara moja, kisha uendeshe siku mbili tatu. Ukizidisha, maumivu yatahamia nyuma ya goti.

Halafu gia. Kukanyaga gia nzito mlimani kunalielemea goti kuliko umbali wenyewe. Shusha mapema, kabla mlima haujakubana, miguu izunguke kama mara 80 kwa dakika.

Umbali ongeza kama asilimia 10 kwa wiki. Ukifikisha kilomita 75 wiki mbili kabla ya safari, inatosha kabisa. Goti likivimba, pumzika na umwone daktari.