Jibu kwa mleta uzi: utafiti mmoja wa kambi za likizo, kumbi mbili za wasikilizaji

Assalaam alaykum wanajamvi. Kwa aliyeingia sasa hivi: mleta uzi amemaliza utafiti wa kambi za likizo katika skuli za Pemba, na ameitwa kuuwasilisha mara mbili. Kwanza Chake Chake, mbele ya walimu, walezi wa kambi na masheha. Wiki inayofuata Tunguu, Unguja, mbele ya wanataaluma wenzake. Anauliza kama aandae slaidi seti mbili, moja "nyepesi" na moja "nzito", na afanyeje na bango aliloombwa.

Seti mbili, naam. Lakini habari ya wepesi na uzito iache. Mwalimu aliyelala skuli na watoto 60 wiki tatu nzima hana haja ya kurahisishiwa kambi, anaijua kuliko wewe. Kinachobadilika ni swali. Chake watakuuliza, "Basi likizo ijayo tubadilishe nini?" Tunguu watakuuliza, "Umejuaje?" Matokeo ni yale yale kotekote, na udhaifu wa data ni ule ule. Wengi huufungia udhaifu huo kwenye slaidi ya mwisho ya wanataaluma, na walimu hawauoni kabisa. Hapo ndipo wasilisho linapoharibika.

Tuanze na neno lenyewe. Maandishi mengi utakayoyanukuu yanatoka Marekani, ambako mambo haya yana umri: kambi inayotajwa kuwa ya mwanzo ni ile ya Frederick Gunn, Connecticut, mwaka 1861. Wenzetu hao huwapeleka watoto kambini Juni hadi Agosti kuogelea, kupanda vilima, kuimba kandokando ya moto. Ukiifasiri "kambi ya kiangazi" umeshawapoteza watu, maana Juni hadi Agosti huku kwetu ni kipupwe. Na kambi zetu nyingi ni za kudurusu: wanafunzi wa madarasa ya mtihani wanalala skuli, wanakula skuli, wanasoma usiku. Kwa hiyo slaidi ya pili, kumbi zote mbili, iseme kambi kwako ni ipi: ya kulala au ya kurudi nyumbani jioni, siku ngapi, darasa gani, nani anachangia chakula. Bila hiyo, mtu wa skauti atasikia habari ya mahema na mwalimu wa hesabu atasikia habari ya mtihani. Na usichukue matokeo ya kambi ya kuogelea Marekani ukayafanya ushahidi wa kambi ya kudurusu Wete. Tunguu watakukamata, na watakuwa na haki.

Sasa data. Nitatumia namba za kubuni ili hesabu ionekane. Kambi imeanza na watoto 60, ukawapa jaribio siku ya kwanza, wastani ukawa alama 48. Siku ya mwisho wamebaki 41, ukawapa jaribio la uzito ule ule, wastani 56. Mkono unakuwasha kuandika "kambi imepandisha alama 8". Subiri kwanza. Chukua wale 41 peke yao, utazame alama zao za siku ya kwanza. Tuseme zilikuwa 54. Basi kambi imewapandisha alama 2, si 8. Hizo 6 nyengine zimetokea kwa sababu wale 19 walioondoka walikuwa na wastani wa 35 hivi, na walipotoka wastani ukapanda wenyewe, bila ya mtu kufundishwa chochote.

Hesabu hii iwekee slaidi yake pekee. Safu mbili tu: waliobaki, walioondoka. Tunguu utaipitia kwa dakika moja, wanaijua. Chake ipe dakika tano, kwa sababu wao ndio wanaojua wale 19 wamekwenda wapi. Ukiwauliza "hawa waliondoka kwa nini?" ukanyamaza, majibu yatakuja ambayo dodoso lako halikuyapata: mchango wa chakula wa wiki ya pili umemshinda mzazi, msichana hakuruhusiwa kulala nje ya nyumba, karafuu zimeiva na mikono inahitajika. Hilo la karafuu lishike khasa. Mavuno yetu hayalingani mwaka hadi mwaka, na ukilinganisha mahudhurio ya mwaka wa mavuno makubwa na mwaka mkavu, unaweza kuwa unapima mikarafuu wala si kambi. Ramadhani nayo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo likizo ile ile ya skuli inaweza kuangukia funga mwaka mmoja na isiangukie miaka michache baadaye. Ratiba ya kambi ya mfungo na ya siku za kawaida si kitu kimoja, hata kama jina na skuli ni vile vile.

Weka mtu wa kuandika majibu hayo. Usiandike wewe huku unazungumza, hutafanya lolote vizuri. Na ukienda Tunguu uyataje kama yalivyo: maelezo ya washiriki baada ya utafiti, si matokeo yako.

Jengine linaloumiza tafiti za kambi ni saa ya kujaza dodoso. Usiku wa kuagana pilau imeliwa, watoto wameimba, wengine wanalia. Ukigawa karatasi hapo kila kitu kitakuwa "nakubali sana". Hujapima mafunzo, umepima pilau. Kibaya zaidi ni pale mwalimu mkuu wa kambi anapopita katikati ya madawati wakati watoto wanajaza. Mtoto wa Kipemba hamkosoi mkubwa akiwa amesimama mgongoni mwake. Kama data yako ilikusanywa hivyo, sema wazi ilikusanywa lini, wapi, na nani alikuwemo chumbani. Kama bado una nafasi, rudi baada ya wiki 8 hadi 12, uliza maswali machache yale yale mtoto akiwa kwake. Hata ukiwapata 20 tu, hao 20 wana thamani kuliko 41 wa usiku wa kuagana.

Upo na mtego wa upande wa pili, na huu huwatia watu unyonge bure. Siku ya kwanza umemuuliza mtoto, "Unaweza kuwaongoza wenzako?" Amejipa 4 kati ya 5, kwa kuwa uongozi anaodhani ni kupiga filimbi. Baada ya wiki mbili za kugawa zamu za kupika na kusuluhisha ugomvi wa godoro, ameshajua uongozi ni nini, anajipa 3. Kwenye jedwali lako ameshuka. Kumbe kipimo kichwani mwake ndicho kilichobadilika. Dawa yake ni kumuuliza mwishoni maswali mawili pamoja: sasa uko wapi, na ukikumbuka siku ya kwanza, kwa kweli ulikuwa wapi? Njia hii nayo ina kasoro, mtu hupenda kuonesha kwamba amekua, kwa hiyo onesha namba zote, za siku ile na za kukumbuka. Walimu wanaelewa jambo hili ukilisimulia kwa filimbi na godoro. Ukianza na jina la kitaalamu umewapoteza.

Kuhusu namba zenyewe: kwa kikundi cha chini ya watu 100 usiwape walimu asilimia. "Asilimia 17" ya watoto 41 ni watoto 7. Sema watoto 7. Nukta za desimali zitoe zote. Mambo ya uwezekano wa matokeo kutokea kwa bahati yaseme kwa sentensi moja: "tofauti ndogo kama hii inaweza kutokea hata bila kambi," au "ni vigumu kutokea kwa bahati tu." Jedwali la urejeshi (regression, ile hesabu ya kupima mambo mengi kwa pamoja) lisionekane Chake kabisa. Tunguu liwepo, lakini wakati wa kusoma onesha mstari mmoja unaohusu hoja yako, iliyobaki iwe kwenye karatasi.

Faragha. Hapa Visiwani kuficha jina la skuli hakutoshi. Ukiandika "kambi ya wasichana, Micheweni, iliyofanyika skuli ya ghorofa", ukumbi mzima umeshajua, na pengine mwalimu wake kakaa safu ya pili. Unganisha kambi mbili tatu kabla ya kuonesha matokeo mabaya, au zitenge kwa sifa isiyomtaja mtu, kama kambi zenye walezi wengi na zenye walezi wachache. Siku mbili tatu kabla ya kikao wapigie simu wakuu wa kambi ulizozifanyia utafiti, uwaambie watakachokiona. Mtu akisikia kasoro yake kwa mara ya kwanza hadharani, mbele ya afisa elimu wa wilaya, atajitetea mpaka kikao kiishe, na wenzake watamuunga mkono.

Picha za watoto: ruhusa ya mzazi ya kuhudhuria kambi si ruhusa ya kuoneshwa kwenye projekta. Kwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kwa hiyo hata kidato cha nne wengi wamo. Piga picha ya madawati yaliyogeuzwa vitanda, masufuria, ratiba iliyobandikwa ukutani. Zinaeleza kambi vizuri kuliko nyuso. Tunguu mtu anaweza kukutajia utafiti wa mwanasaikolojia Muzafer Sherif wa mwaka 1954, Oklahoma: wavulana 22 kambini, watafiti wamejifanya wafanyakazi wa kambi, na watoto hawajui kwamba wanachunguzwa. Ni utafiti mashuhuri, lakini leo usingepita kwenye kamati ya maadili, kwa hiyo utaje kwa tahadhari. Na slaidi ya mbinu ioneshe kibali cha Zanzibar. Cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania) pekee hakitoshi kwa utafiti uliofanyika huku.

Siku ya Chake yenyewe. Isiwe Ijumaa. Anza saa 3:30 asubuhi, ulenge kumaliza saa 5:30, watu wapate kujitayarisha kwa Adhuhuri bila kukuangalia kwa jicho la pembeni. Ukipewa dakika 20, andaa za 12. Mgeni rasmi atachelewa, kisha atazungumza, na dakika zitakazokatwa ni zako. Kwa hiyo amua mapema slaidi zipi zinaondoka ukibakiwa na dakika 10. Zitie alama kwenye karatasi yako, usianze kurukaruka mbele ya watu. Slaidi 8 zinatosha, maandishi yasiwe chini ya ukubwa wa 28, na tumia mchoro wa nguzo badala ya mchoro wa duara. Umeme ukikatika, na panga kama utakatika, uwe na karatasi: A4 moja, pande mbili. Upande wa mbele matokeo matatu na ile hesabu ya waliobaki na walioondoka. Nyuma mambo ambayo mlezi anaweza kuyafanya mwenyewe bila bajeti mpya, kwa mfano daftari la walioondoka: jina, tarehe, sababu, safu tatu tu. Andika Kiswahili cha kusomeka. Kama tasnifu yako ni ya Kiingereza, usifasiri muhtasari neno kwa neno, utatoka na sentensi ambazo hata mwenyewe hutazielewa. Funga kompyuta, mweleze mtu kwa mdomo, kisha andika ulichokisema.

Posho na nauli: litangazwe kwenye barua ya mwaliko kama ipo au haipo. Likiachwa kimya ndilo litakalokuwa mjadala wako.

Tunguu ni kwepesi zaidi kuliko unavyodhani. Dakika 15, slaidi 12, mbili zikiwa za sampuli na namna kambi zilivyochaguliwa, kwa sababu swali la kwanza litakuwa lile lile kila siku: watoto wanaopelekwa kambini ni wale ambao wazazi wao tayari wanajali masomo, sasa umetenganishaje? Kama huna kikundi linganishi, yaani watoto wasiokwenda kambini wa kulinganisha nao, sema huna. Usikitengeneze kwa maneno. Eleza ulicho nacho badala yake, kwa mfano alama za mihula miwili kabla ya kambi.

Bango: A0 ni milimita 841 kwa 1189, lisimame wima, si la kulala. Kichwa kisomeke kutoka hatua tano, maandishi ya ndani yasipungue ukubwa wa 28, maneno yote 400 au pungufu. Katikati weka ile hesabu ya 60 na 41 kwa namba zako, kubwa kuliko kitu chengine chochote, na nembo ziwe ndogo. Lichapwe kwenye fleksi (turubai la plastiki la mabango) isiyong'ara, karatasi haifiki salama. Likague kwenye kompyuta ya mchapaji kabla hajabonyeza, fonti hubadilika na safu za jedwali huhama. Kwa safari ya boti lizungushe, maandishi yawe nje, ulitie ndani ya bomba la plastiki la inchi 4 lililofungwa ncha zote mbili. Usilikunje hata kidogo, mkunjo wa fleksi haunyooki mpaka siku ya pili, na wewe unawasilisha siku ya kwanza.