Tope likikosa njia litapasua mwamba

Jumapili iliyopita mpwa wangu alivuka na pantoni kuja Kigamboni kuniaga. Amepata kazi kwenye rigi, ule mtambo wa kuchorongea visima vya mafuta, huko Uganda upande wa Ziwa Albert, kwenye yale mafuta yatakayosafiri kilomita 1,443 ndani ya bomba mpaka Chongoleani, Tanga. Tulikuwa barazani, chai haijapoa, akaniuliza: "Mjomba, kitu gani kiliwahi kukutia aibu kazini kuliko vyote?" Mimi nilidhani ataanza na mshahara.

Nikamjibu: laina. Na kwa kuwa najua wako wengine wanaofuata njia yake, nayaandika hapa niliyomwambia.

Kisima cha mafuta hakichorongwi kwa mkupuo mmoja. Unachoronga kipande, unakivisha bomba la chuma, unamwaga saruji nyuma yake, kisha unaendelea chini kwa tundu jembamba zaidi. Laina ni bomba la kuvishia ambalo halifiki juu. Linaning'inizwa ndani ya bomba lililotangulia, na linashushwa likiwa limefungwa kwenye mabomba ya kuchorongea. Kisima wakati wote kimejaa tope, majimaji mazito tunayoyachanganya wenyewe, na tope hilo ndilo linalozuia mafuta na gesi visipande kabla ya wakati wake.

Sasa nikachukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikaikata shingo, nikaijaza maji. Nikamwita mke wangu atupe kopo tupu la nyanya. "Lisukume ndani haraka," nikamwambia kijana. Akalisukuma. Maji yakaruka mpaka kwenye sahani ya vitumbua, na chupa ikatuna ubavuni. Nikalitoboa kopo kitakoni kwa msumari, matundu matatu, akarudia. Safari hii likazama kwa upole, maji yakipandia ndani yake.

Ule ubavu uliotuna ndio mwamba. Tofauti ni kwamba mwamba hautuni, unapasuka.

Vipimo vya kawaida ni hivi: laina ya inchi 7 kwenye tundu la inchi 8 na nusu. Nafasi iliyobaki kila upande ni robo tatu ya inchi, milimita 19, na kwenye maungio ya bomba inapungua mpaka kama sentimita moja. Laina ikiwa imezibwa chini, kila mita inayoshuka inasukuma lita 25 hivi za tope, na zote zinatakiwa kupita kwenye ule upenyo. Ukipiga hesabu unakuta tope linapanda kwa kasi mara mbili ya ile unayoshushia bomba. Msuguano wa safari hiyo ndio unaozaa presha ya ziada, nayo inajumlishwa juu ya uzito wa tope lenyewe. Chukua kisima cha mita 3,000 chenye tope la kilo 1.2 kwa lita: chini kabisa kuna presha ya kama baa 350 (baa ni kipimo cha presha) kabla hujagusa kitu. Ikiwa mwamba wako unapasuka kwenye baa 370, una baa 20 tu za kuchezea. Kwenye visima vya zamani, ambako mafuta yameshavutwa miaka mingi na mwamba umelegea, hata hizo huzipati.

Mwamba ukipasuka, tope linazama kwenye nyufa. Likizama sana, kimo chake kinashuka, uzito unapungua, na kile ulichokuwa unakizuia kinaanza kupanda.

Aibu yangu ilikuwa hivi. Tulikuwa jangwani, nje ya nchi, zamu ya usiku, nami ndiye nimeshika breki ya kushushia mabomba. Laina yetu ilikuwa na valvu ya kujijaza, ile inayoachwa wazi ili tope liingie ndani ya bomba badala ya kusukumwa lote pembeni. Kitu kizuri. Tulikuwa nyuma ya ratiba, na rigi hulipiwa kwa siku, kwa hiyo kila mtu ana haraka hata asiposema. Laina yote ilikuwa imeshaingia, nikawa naisukuma chini kwa mabomba ya kuchorongea, kila bomba la mita 28 kwa sekunde 40.

Kila bomba lilipoingia, tangi dogo la kupimia lilionyesha tumerudishiwa lita 110 na ushee. Ndivyo inavyotakiwa: bomba linapojijaza, kinachorudi juu ni ujazo wa chuma chenyewe tu. Nikajipongeza. Nikamwambia msaidizi wangu, "Umeona? Haitupotei hata kikombe." Nilichokuwa sikioni ni kwamba valvu ilikuwa imeshazibwa na vipande vya mwamba. Ndani ya bomba hakukuwa kunaingia kitu. Bomba tupu lingetakiwa kurudisha lita 355, si 110. Zile 245 za katikati zilikuwa zinaingia ardhini kila mara, nami nahesabu vizuri kabisa namba isiyo yake.

Mizani inayopima uzito wa bomba linaloning'inia ilijaribu kuniambia. Uzito ulikuwa mdogo kuliko hesabu, kwa sababu bomba tupu huelea. Nikasingizia kuta za kisima kwamba zinaishikilia laina.

Baada ya mabomba 12 tulisimama kujaza kwa juu, kama desturi. Tukafungua mpira wa kupitishia tope. Tukamimina. Tukamimina tena. Bomba likameza kama lita 3,000 ndipo tope likaonekana mdomoni. Hakuna aliyesema neno jukwaani. Kilichosikika ni jenereta tu. Saruji ya laina ile haikufika juu ilipopangiwa, ikabidi tusukumie nyingine baadaye, na siku zote nilizodhani naziokoa zikaenda na nyingine juu yake. Sikuficha kitu kwenye ripoti. Ndiyo maana nilibaki na kazi.

Kwa hiyo nikamwambia mpwa wangu: usihesabu lita peke yake. Shika daftari lenye safu mbili, lita zilizorudi na uzito kwenye mizani, na kila namba uwe nayo kabla bomba halijaingia. Andika ulichotarajia kwanza, halafu kilichotokea. Ukikuta lita zinasema bomba limejaa na uzito unasema ni tupu, simama. Mimina juu uone. Bosi atakasirika dakika kumi.

Kuhusu kasi, usikubali kuambiwa "polepole." Polepole ya nani? Mhandisi wa tope ana hesabu ya kila kina, akupe sekunde kwa kila bomba, ubandike karatasi pale macho yako yanapoangalia. Ndani ya bomba lililotangulia unaweza kwenda vizuri tu, mwamba umefunikwa. Ukitoka kwenye kiatu chake, yaani ncha yake ya chini, kuingia tundu wazi, kasi inabadilika. Na usisahau mwanzo na mwisho wa kila bomba: tope likisimama linaganda kama uji wa jana, na ule mshtuko wa kwanza wa kulivunja unaweza kuzidi presha ya mwendo wote. Achia breki kama unaweka mtoto aliyelala kitandani. Hali kadhalika unapofika chini na kuwasha pampu: anza na mapigo machache, ongeza kidogo kidogo.

Lakini nusu ya kazi hufanyika kabla ya laina haijanyanyuliwa. Zungusha tope mpaka chekecheke zinazolichuja vipande vya mwamba zisiwe na kitu, kisha mwombe mhandisi alilainishe lisigande sana. Vipande vilivyoniziba vilikuwa vyetu wenyewe, tulivikatia tamaa mapema.

Siku hizi kuna kifaa kingine kinachokaa juu ya laina. Tope linapanda ndani ya laina, likifika pale juu linatolewa kwa milango ya pembeni na kurudi nje ya bomba la kuchorongea, ambako nafasi ni zaidi ya mara mbili ya ile inayozunguka laina kwenye tundu. Bila hicho, tope linalazimika kupanda ndani ya bomba jembamba mpaka juu, na ukienda haraka linawamwagikia jukwaani. Nakipenda. Kimenifanya nishushe laina kwenye miamba ambayo zamani ningesali kwanza. Ila wauzaji hukisifia kana kwamba kinaruhusu mbio, na hapo sikubaliani nao. Milango ile sharti ifungwe ukifika chini, mara nyingi kwa kitufe cha duara kama gololi kinachodondoshwa kutoka juu. Isipofungwa, tope na saruji zinatokea huko juu badala ya kwenye kiatu, na laina yenyewe unaweza kushindwa kuining'iniza. Tena njia iliyo wazi kwa tope kupanda iko wazi kwa gesi pia. Ulizeni kabla: kinafungwaje, na kikigoma tunafanyaje? Msimamizi asipokuwa na jibu la swali la pili, msianze kushusha.

Wanaochimba visima vya maji huku kwetu, Kimara au Mbagala, wanalijua hili bila hesabu zote hizi. Bomba la plastiki lililozibwa chini linawaelea, wanamimina maji ndani ndipo linashuka. Ni jambo lilelile, wao linawadai jasho tu.

Kijana aliandika yote kwenye simu. Nikamwambia simu haiingii jukwaani, na kwenye rigi ya gesi au mafuta hilo si ombi. Tukapanda bajaji mpaka Feri, nikamnunulia daftari dogo lenye jalada gumu na penseli mbili, maana kalamu ikiingia tope haiandiki. Ukurasa wa kwanza nikamchorea zile safu mbili mwenyewe, kwa rula ya muuza duka.

Mke wangu bado anauliza nani alitoboa kopo lake la kupimia mchele. Kumbe halikuwa tupu la kutupa.